Mama Fiston Anaitika

Kwanza mjue kwamba mimi siamini mizimu. Baba yangu alitoka Maniema, amenifundisha kusali, na mdomo wangu hauogopi mtu katika soko letu la Kabondo hapa Kisangani, awe mkusanya kodi au mke wa mkubwa. Waulize watu habari za Karima wa mawese, watakwambia. Lakini nimekaa meza moja na Mama Fiston miaka mingi, mimi na mafuta yangu, yeye na makayabu yake, wale samaki wa chumvi wanaonuka hadi barabarani, na kuna kitu nilichokisikia kwenye meza ile ambacho mpaka leo kinanisisimua mwili.

Ni hivi. Uko unapima mafuta, mteja anangoja, soko lina kelele zake za kila siku. Ghafla Mama Fiston anainua kichwa, anatazama upande wa barabara, anaitika kwa sauti: "Niko!" Hakuna aliyemwita. Mteja anageuka kutafuta mtoto, haoni mtoto. Mama Fiston anainamisha kichwa tena, anaendelea kukata samaki wake. Mwanzoni nilikuwa namwuliza ni nani kamwita. Baadaye niliacha, maana jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa linaniharibia siku.

"Ni yeye," alikuwa anasema.

Yeye padri alimbatiza kwa jina la Françoise. Hakuna anayemwita hivyo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda kulala, anaitwa kwa jina la mtoto hadi siku ya kuzikwa. Hata mtoto akitangulia, jina la mama halibadiliki, hakuna anayekuja kulichukua. Fiston yuko chini ya udongo kule Yahuma, na mama yake kutwa nzima anaitwa kwa jina lake: Mama Fiston, samaki huyu bei gani, Mama Fiston, nipunguzie kidogo. Mimi pia namwita hivyo. Nitamwitaje?

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Kijana mrefu, mcheshi, mwenye tabia ya kupita mezani na kung'oa kipande cha makayabu, akitafuna kibichi hivyo hivyo mpaka mama yake ampige kofi la mkono. Alipomaliza mtihani wa serikali, akaenda vakanse, likizo, Yahuma kwa tonton wake, mdogo wa marehemu baba yake. Siku moja alipanda pikipiki na vijana aliokutana nao njiani, wakaenda kutembea, hakuaga mtu. Pikipiki ilitumbukia kwenye daraja la magogo. Wapita njia walimbeba hadi kituo kidogo cha afya. Mtoto wa nani huyu? Hakuna aliyejua, hata wale vijana. Tonton alikuwa nyumbani, anafikiri kijana bado anatembea. Habari zilipomfikia, watu wasiomjua walikuwa wameshamzika, maana na joto lile mwili hauwezi kukaa.

Tonton alikuja Kisangani na kiatu kimoja na maneno. Kiatu Mama Fiston alikipokea. Maneno ndiyo yalimvunja. Yule mwanamume hajui kufunga mdomo, akamweleza kila alichoambiwa na muuguzi wa kule: kwamba kijana hakufa palepale, kwamba alikaa akiita mama, mama, mpaka sauti ikaisha. Ningekuwa karibu ningempiga tonton yule na upawa wangu wa mafuta. Kuna maneno mtu anapaswa kuyameza na kufa nayo.

Basi tangu hapo Mama Fiston anaitika. Yahuma hakuwahi kwenda, anasema miguu inakataa. Mlango wa nyumba yake hautiwi komeo, hata wakati wa wezi. Nilimgombeza, nikamletea kufuli, akanishukuru na kuiweka kabatini.

Ndivyo tulivyoishi, mpaka vakanse kubwa ya mwaka jana.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, barabara mbele ya meza yetu imekuwa uji mwekundu. Pikipiki moja ilikuja polepole, imebeba abiria, kijana wa shati la njano, begi kifuani, simu mkononi, anapiga picha soko letu. Nilicheka. Nikamwambia Mama Fiston, tazama mgeni, kwao hawana vitunguu. Maana wa hapa hapigi picha soko. Lori la mbao lilikuwa linarudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Kishindo nilikisikia, sikukiona, nilikuwa nimeinama natafuta kizibo cha chupa.

Niliponyanyuka, nusu ya soko walikuwa wanakimbilia dereva wa lori wampige, nusu nyingine wanakimbilia kutazama. Mwenye pikipiki aliamka, akachechemea, akapotelea kati ya watu. Begi na simu vilipotea hata kabla yake. Hao ndio sisi, siwezi kudanganya. Wanaume wawili wenye nguvu walishamkamata kijana, mmoja mikono, mmoja miguu, wanataka kumketisha kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili kama gunia la mihogo. Hapa ndivyo tunavyobeba majeruhi, na ndivyo wengi wanavyomalizwa.

Mama Fiston alipita katikati yao. Sikujua mwanamke yule ana nguvu hizo.

"Musimukunje," aliwaambia. "Shingo yake, musiiguse."

Akarudi mezani, akafagia makayabu yote kwa mkono mmoja, yakaanguka topeni. Akavuta ubao wa meza. Chupa zangu mbili zilivunjika, sikusema kitu, na mtu anayenijua anajua maana yake. Wakamlaza kijana juu ya ubao, tukamfunga na vitenge vyetu, changu na chake, wakaupandisha ubao kwenye pusupusu, mkokoteni wa wapakiaji, na tukaanza kusukuma. Kwa hiyo alifika hospitali amelala juu ya meza yetu.

Hospitali yenyewe siitaji jina, zote ni mamoja. Mgonjwa asiye na mtu wake ni mzigo ulioachwa kwenye korido. Nani atampikia, nani atamwosha, nani atakimbilia dawa? Hiyo ni kazi ya garde-malade, mtu wa ukoo anayelala chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Muuguzi, msichana aliyechoka, alimtazama kijana, akatutazama sisi, akauliza mama yake yuko wapi. Msukuma pusupusu ni mteja wetu wa siku zote. Hakuwa na nia mbaya, naapa. Aliona mwanamke mwenye damu ya kijana kwenye blauzi, akamwonyesha kwa kidole.

"Mama Fiston, huyu hapa."

Muuguzi akainama kwenye sikio la majeruhi. "Fiston," akasema. "Fiston, unanisikia?"

Kijana akafungua macho.

Nilimgeukia rafiki yangu. Nilikuwa tayari kusema hapana, madamu, kuna makosa. Lakini yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama midomo ile iliyovimba, jinsi ilivyokuwa inatafuta neno. Neno likatoka, dogo, lenye damu.

"Mama."

"Niko," alisema Mama Fiston, kama anavyosema sokoni kila siku. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na mtu.

Wakamwingiza ndani mara moja. Nikajiambia, vizuri, leo apate matibabu, kesho akizungumza atataja kwao. Lakini kesho hakuzungumza. Daktari alisema mguu umevunjika, huo utaunga, ila kichwa kimetikisika vibaya, akili inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Uso wote ulikuwa bandeji na uvimbe, jicho moja limefumba kabisa. Na katika maneno yote ambayo Mungu amempa binadamu, alibakiwa na lile moja. Akishikwa na kiu, mama. Akiumwa, mama. Akisikia mlango, mama. Na kila mara anajibiwa, niko.

Mama Fiston aliacha soko. Nikawa nauza vyangu na vyake, juu ya makreti, mikono yangu inanuka samaki, wateja wangu wa mawese wanakunja pua. Nilikuwa nalalamika njia nzima kwenda hospitali jioni, nimebeba makala, yaani makaa ya jiko la mbabula, na nyanya, nalalamika peke yangu kama mwehu. Nikifika naacha, kwa sababu ya uso wake. Miaka yote ile sikuwahi kuuona uso ule. Alikuwa amerudi kuwa mzuri.

Jioni moja nilifika nikamkuta kijana amevaa shati la mistari ninalolijua, la Fiston. Lilikuwa linanuka naftalini. Lilitoka kwenye sanduku lililo chini ya kitanda cha Mama Fiston kule nyumbani, sanduku ambalo hata mimi sijawahi kuruhusiwa kuligusa. Nilisimama mlangoni, makala mkononi. Muuguzi alipita, akasema, leo Fiston amekunywa uji wote, na Mama Fiston akatabasamu, na yule aliye kitandani akageuza kichwa aliposikia jina hilo. Wallahi aligeuza. Walishamfundisha.

Nilimvuta mwenzangu hadi nje. Nikamwuliza anafanya nini. Hakukasirika. Alinishika mkono kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Karima, haniiti tena," aliniambia. "Kule sokoni, kule nyumbani. Tangu huyu amekuja, sauti imenyamaza."

Nifanye nini na maneno hayo? Nilikwenda nyumbani nikatia komeo mlango, nikarudi kuhakikisha mara ya pili.

Kitu ambacho hatukukijua wakati ule ni kwamba kijana alikuwa anatafutwa. Alikuwa amefikia kwa rafiki yake wa masomo, Jean-Paul, upande wa Makiso. Jean-Paul alipoona mgeni hakurudi, alizunguka hospitali zote za mji, na kwetu pia alipita. Aliingia chumba kile kile. Alisimama kwenye miguu ya kitanda kile kile. Akaona uso uliofungwa bandeji, na kando yake mama mtu mzima anamlisha kwa kijiko, wagonjwa wengine wanamsalimu, Mama Fiston, mtoto ameamkaje. Akasema pardon mama, akatoka. Alikuwa anatafuta mtu asiye na mtu. Kama yule kijana angekuwa ametupwa peke yake koridoni, Jean-Paul angeinama kumtazama vizuri. Upendo wa mwanamke yule ndio uliomficha, na mimi nikifikiria hilo usingizi unakatika.

Halafu ikaja redio. Fundi viatu aliye jirani na meza yetu huifungua tangu asubuhi, na mimi huwa sisikilizi. Siku hiyo nilisikia neno njano. Familia inamtafuta Paluku, mwanafunzi wa Butembo, aliyekuja Kisangani vakanse, amevaa shati la njano, yeyote aliyemwona apige namba hii. Niliandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ya kuazima, nikamwachia fundi viatu mafuta, samaki na pesa, nikaondoka na aproni yangu.

Nilimkuta anamwosha kijana miguu. Sikusalimu. Nikauliza shati la njano liko wapi. Akanyoosha mkono chini ya godoro, akalitoa, limefuliwa, limekunjwa vizuri.

Nikamwuliza kama amesikia redio. Akasema amesikia, jana na leo, kuna mgonjwa wa kitanda cha jirani anayo redio. Nikamwuliza, sasa je? Akasema atapiga simu kijana akipata nguvu kidogo. Nikamwambia, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia, kwamba huyu ana mama yake aliyemzaa, ana jina lake. Aliendelea kuosha, kidole kimoja kimoja.

"Aliita," akasema. "Yule mama alikuwa wapi? Mimi nilikuwa hapa."

"Na Fiston alipoita, wewe ulikuwa wapi?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na wala sijutii, kwa sababu mtu anayezama hushikwa kwa nywele. Mkono wake ulisimama ndani ya maji. Kijana alitutazama kwa jicho lake moja, akasema mama, taratibu, kama anayeogopa ugomvi. Safari hiyo Mama Fiston aliitika kwa kunong'ona. Kabla sijatoka nilimpa mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo ningepiga simu mwenyewe.

Kesho yake nilifika mapema. Alikuwa uani, pale garde-malade wote wanapopikia, amekaa kwenye benchi mbele ya mbabula anakoroga uji. Nikakaa kando yake. Nikamwonyesha kiganja, namba bado ipo. Akakitazama, akarudi kwenye sufuria. Sikuweza kujua ameamua nini.

Ndipo akaja mwanamke mmoja. Mwembamba, viatu vimejaa tope kavu, mfuko wa plastiki umebanwa chini ya kwapa. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kivu. Akaomba maji ya kunywa. Mama Fiston akampa kikombe, akasogea, yule mama akakaa mwisho wa benchi. Akajitambulisha kwa adabu, kama watu wa kule wanavyofanya. Anaitwa Kanyere, ametoka Butembo, amekuja juu ya lori siku nyingi kwa barabara ile mbaya. Anatafuta mtoto wake.

Mwiko uliendelea kuzunguka ndani ya uji. Mimi nilifungua mdomo, na Mama Fiston akanishika mkono kwa nguvu, chini ya benchi, pasipoonekana. Alinishika hivyo hivyo muda wote Kanyere alipokuwa anazungumza.

Alizungumza bila kulia, kama mtu aliyemaliza. Alisema kwamba rafiki wa mtoto alishatafuta hospitali zote, na yeye amerudia kuuliza, hakuna Paluku. Sasa zimebaki nyumba za maiti. Amekwisha kuona mbili. Ya hapa ndiyo ya mwisho, na mlinzi wake amekwenda kutafuta ufunguo, amemwambia angojee. Akaugusa mfuko wake wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitenge kipya, alisema, alikinunua Butembo kabla ya kupanda lori, cha kumfunika. Hakutaka mtoto wake afunikwe na kitu cha watu.

"Na nyinyi muko na mugonjwa?" akauliza.

"Niko naye," akasema Mama Fiston.

"Mungu amuponeshe, mama."

Uji ulianza kushika chini, nikasikia harufu ya kuungua. Hakuuepua.

"Mimi, hata nikimupata amekufa, nitamubeba," alisema Kanyere. "Kitu kinanikula ni kingine. Labda aliita. Labda aliita, na hapakuwa mutu."

Mwiko ulisimama.

Na wakati huo huo, kwenye dirisha la chumba, juu ya vichwa vyetu, sauti ikatoka.

"Mama."

Waliinua vichwa pamoja. Niliwaona, wanawake wawili, shingo zimenyooka upande mmoja, macho yale yale. Nilikuwa nayajua macho yale, nimekaa nayo meza moja miaka. Kanyere alishika ukingo wa benchi. Halafu akainama, akajifuta uso na aibu.

"Munisamehe, mama," alisema. "Naanza kumusikia kila fasi."

Sauti ikaita tena. Mama Fiston alifungua mdomo. Nilijua kitakachotoka, na mwili wangu wote ulikuwa unakingoja. Hakikutoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliitwa na hakuitika. Mkono wake ukaniachia, na alama za vidole vyake zilibaki kwenye ngozi yangu hadi jioni.

"Hausikii vibaya," alimwambia Kanyere. "Iko ndani, kitanda cha dirisha. Anakuita wewe. Itika, mama."

Kanyere hakuelewa. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama dirisha.

"Itika," Mama Fiston akarudia. "Asikae kuita."

Yule mwanamke akasimama. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ikatoka, kwa lugha ya kwao, sikuelewa hata neno moja na nilielewa yote. Mfuko ulianguka. Alikwisha kukimbia. Mimi nikamfuata hadi mlangoni, na nikaona kwa macho yangu: yule kijana, ambaye kila siku alikuwa anageuza kichwa kwa jina la mtu mwingine, aligeuka kuelekea mlango kabla hajamwona mtu, akaanza kulia kwa jicho lake moja. Mama yake alimkamata uso ule wa bandeji akawa anamwambia Paluku, Paluku, Paluku. Nilirudi nyuma kumwita mwenzangu aje aone. Alikuwa bado kwenye benchi, anasugua uji ulioungua chini ya sufuria.

Msifikiri Kanyere alimrukia shingoni kwa shukrani. Yaliposemwa yote, na Jean-Paul alipofika na kusimulia namna alivyopita pale, mama yule alisimama mbele ya Mama Fiston. Aliuliza kuhusu redio. Mama Fiston hakuficha. Nilisikia, alisema, mara nyingi, nikanyamaza. Kanyere aligeuka akatazama ukuta, na mimi nilijiandaa kutenganisha watu. Mimi mwenyewe ningepiga. Siku zile zote mwanamke alikuwa juu ya lori anajifunza kumzika mtoto aliye hai.

Lakini jioni, wakati Mama Fiston anakunja mkeka wake, Kanyere alimfuata.

"Alikuwa anaita?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

"Nilikuwa naitika," alisema Mama Fiston. "Hata mara moja sikumuacha aite bure."

Kanyere akautafuta mfuko wake, akatoa kile kitenge, cha maua ya buluu, kipya, na gundi ya kiwanda bado imo, na kumwekea mikononi. Hakusema asante. Alisema tu kwamba sasa hana kazi nacho.

Baada ya wiki kadhaa wakaondoka na mtoto, mguu ndani ya plasta. Hupiga simu. Paluku anazungumza, anasahau mambo, anacheka. Mimi tangu siku zile binti zangu hawaendi vakanse, hata ya ng'ambo ya mto tu, kabla sijaandika namba yangu kwenye kitambaa na kukishona ndani ya nguo. Wanalalamika kwamba nawatia aibu. Nawaambia aibu haijavunja mtu mguu. Na nawaambia waage, na wataje jina lao kwa sauti kwa kila wanayepanda naye. Na mwenye kumwokota mtoto wa watu, amshike, amlishe, amwitikie, ila kila mlango unaofunguliwa aseme: huyu si wangu, mtafutieni wake.

Mama Fiston amerudi mezani. Ubao nao ulirudi, tuliusugua kwa majivu na sabuni, doa halikutoka, tukaugeuza chini juu. Nilikuwa namchungulia, nangoja. Haikuchukua muda. Mchana mmoja wa jua kali aliinua kichwa, akatazama barabara, akafungua mdomo. Sauti imerudi, nikajiambia.

Lakini hakuitika. Alinigeukia mimi.

"Karima. Kule Yahuma. Unafikiri kulikuwa mama mwenye aliitika?"

Nikashika chupa, nikaiweka, nikaishika tena. Yeye aliendelea, kama mtu anayepanga safari ya kwenda kununua chumvi. Kituo cha afya si lazima kina wagonjwa wengine? Na wagonjwa si lazima wana mama zao, wamelala chini kwenye mkeka? Basi kati yao, mmoja, labda. Mwanamke hawezi kusikia mtoto anaita mama na kukaa kimya, hata kama ni wa watu. Yeye hakuweza. Anataka kwenda kumwuliza huyo mama. Akimpata, atampa kitenge cha Kanyere. Ndiyo maana hakukishona.

Miguu yake imekubali. Jumatatu tunapanda mtumbwi wa mashine, kisha pikipiki hadi huko, sisi wawili, wanawake wazima na maumivu yetu ya mgongo. Kiatu kimoja kimefungwa pamoja na kitenge. Anaongea njia nzima ya kwenda sokoni, atamwuliza nini, atamshika mkono namna gani. Hajaniuliza hata mara moja: na kama hakuna?

Mimi nimeliuliza hilo peke yangu, kila siku. Nimekwisha kupanga. Tukifika nitamwambia apumzike, amechoka, mimi nitangulie kuuliza njia. Nitazunguka kituo kile, nitatafuta mwanamke mmoja wa umri wetu, mwenye macho mema, nimshike pembeni. Kama kweli kulikuwa na mama aliyeitika, alhamdulillahi. Kama hakuna, huyo nitamwambia jina la kijana, na pikipiki, na daraja, na nitamwomba aseme ni yeye. Mungu na anihesabie uongo huo, niko tayari kuujibia.